Pembe Nilizozifukia Adu

Siku mliyoniaga mlisema maneno mengi mazuri, na keki ilikuwa tamu. Lakini nilipokuwa nakusanya vitu vyangu mezani, mgeni wenu Riziki alinijia na daftari, akaniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza, "Bi Rukia, wote wanasema umefanya kazi kubwa. Kazi yenyewe hasa ilikuwa gani?" Wengine mkacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ndugu zangu wa Takaungu wameniuliza swali hilo miaka yote na sijapata kuwajibu wakaridhika. Sasa nimestaafu, wakati ninao. Hili ndilo jibu langu.

Vyeo sitavitaja. Vilikuja vikapita, na kiti changu kikabaki kilekile, chenye mguu mmoja mfupi uliotiliwa kipande cha kigae. Atakayekirithi asikitoe kigae hicho.

Kabla ya kuja kwenu nilikuwa nauza katika duka la pembejeo mjini Malindi. Nilikuwa muuzaji hodari. Mkulima akija na jani lenye madoa, nampa chupa ya dawa. Akirudi na jani lenye madoa zaidi, nampa chupa kubwa zaidi. Siku moja mama mmoja wa huko ndani alinijia na mfuko wa plastiki, akaumimina juu ya meza ya duka. Ulikuwa udongo, mweupe na mwepesi kama jivu.

"Dada," akasema, "majani umeyatibu misimu mitatu. Huu nao una dawa gani?"

Sikuwa na dawa yake. Nilimfagilia udongo wake, nikamrudishia mfukoni, na kwa wiki nzima sikuwa na furaha. Nilipopata habari kwamba kuna shirika dogo Kilifi linatafuta mtu wa kuwafundisha wakulima kuurudishia udongo uhai, niliandika barua siku ileile.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya na baibui safi. Nilipokelewa na Mwalimu Nzioka, Mkamba mwembamba kutoka Machakos, aliyekuwa amefanya kazi hii ya kilimo cha bayodainamiki kabla sijaweza kulitamka neno lenyewe. Hakuniuliza vyeti. Alinipa ndoo ya maji, akatia ndani gao moja la kitu cheusi kama udongo wa msituni, akanipa kijiti.

"Koroga."

"Mpaka lini, Mwalimu?"

"Saa moja."

Nilidhani ananifanyia mzaha wa wageni. Lakini alikaa juu ya debe akaanza kumenya chungwa, na uso wake haukuwa na mzaha. Nikakoroga. Hukorogi ovyo. Unapeleka maji upande mmoja mpaka yafanye shimo katikati ya ndoo, kisha unageuza ghafla, yanavurugika na kutoa povu, unaanza shimo jingine upande wa pili. Dakika kumi, bega likaanza kulalamika.

"Mwalimu, hii inasaidia nini?"

"Imekusaidia kunyamaza dakika kumi," akasema, akatia kipande cha chungwa kinywani.

Baadaye ndipo aliponieleza. Kile cheusi kilikuwa samadi ya ng'ombe wa maziwa, iliyoshindiliwa ndani ya pembe ya ng'ombe jike aliyekwisha kuzaa, ikafukiwa ardhini kwa miezi kama sita. Ikifukuliwa huwa si samadi tena: haina harufu ya zizi, inafanana na udongo wa chini ya majani yaliyooza. Unaikoroga majini, na jioni jua likipungua unainyunyiza shambani kwa ufagio wa chelewa, matone matone. Waliokianzisha kilimo hiki, watu wa mbali, wanasema shamba ni kiumbe kimoja kizima: ng'ombe, mboji, mimea, mkulima, hata mwezi ulio juu, vyote ni viungo vya mwili mmoja.

"Nawe unaamini yote hayo, Mwalimu?" nilimuuliza.

Alifikiri kidogo. "Mboji haina ubishi. Ukiitengeneza vizuri, udongo unanona, mpende msipende. Pembe zina ubishi, hata wasomi wanabishana. Kwa hiyo ukifika kwa mkulima, anza na kisicho na ubishi. Akikuamini, atakuuliza mwenyewe kuhusu pembe."

Sijasikia ushauri bora wa kazi hii tangu siku ile, nami nimehudhuria semina nyingi.

Kwetu Takaungu habari ilifika kabla yangu. Nilikuta ami yangu, ambaye ndiye aliyetusomesha Kurani sote wa mtaa ule, ananingoja barazani na uso wa Ijumaa.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Rukia, nimeambiwa kazi yako ni kufukia pembe."

"Ndiyo, ami. Lakini si kazi yote."

"Pembe hizo mnazisomea chochote?"

"Hatuzisomei kitu."

"Mnaziomba? Mnaziwekea ubani?"

"La, ami. Ndani mna samadi tu."

Akanyoosha miguu. "Basi ni samadi. Nenda kazini, mwanangu." Kisha akaongeza, kwa sababu hakuwa mtu wa kumwacha mtu aondoke bila nyongeza, "Na hilo la kupanda kwa kufuata mwezi na buruji za nyota, waambie wakubwa zako wasijione wamelivumbua wao."

Alikuwa na haki. Nilipobandika ukutani ile kalenda ya kupanda, yenye siku za mizizi, za majani, za maua na za matunda, wakulima waliitazama kwa heshima lakini bila mshangao. Kila mtu wa pwani anajua boriti ikikatwa mwezi ukiwa mpevu huliwa na bungua. Mimi nilikuja na jedwali tu.

Msinione niliyajua haya tangu mwanzo. Kikundi changu cha kwanza kilikuwa cha akina mama wa Dabaso, karibu na mikoko, wakiongozwa na Bi Tabu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Niliwafundisha kutengeneza lundo la mboji, nikawaambia vitu vya karibu ndivyo bora. Karibu palikuwa na makumbi ya nazi na mwani uliotupwa ufuoni. Tukapanga lundo zuri la kupendeza macho. Makumbi hayakuoza. Mwani sikuwaambia wauoshe kwa maji baridi ya kisima kuutoa chumvi, kwa kuwa mimi mwenyewe sikufikiri. Mchicha ulichipua, ukakaa siku nne, ukakauka wote.

Bi Tabu aliokota kumbi moja katika lundo, akaligonga kwa ukucha. "Mwalimu, haya yatatukuta Kiyama yakiwa mazima."

Waliangua kicheko, na mimi nikatamani ardhi inimeze pamoja na mwani wangu. Lakini sikukimbia. Tulianza upya: makumbi tuliyakata vipande tukayafanya matandazo ya kuzuia jua, mwani tukauosha mara tatu, lundo tukalijenga kwa magugu mabichi, mabua makavu, samadi ya mbuzi na udongo wa juu, tabaka kwa tabaka kama chapati za maji. Katikati tukachomeka fimbo ndefu. Fimbo hiyo ndiyo kipima joto, vijana, nawaomba msiidharau kwa kuwa mnavyo vya betri. Siku ya tatu unaichomoa na kuishika. Ikiwa moto, kazi inaendelea. Ikiwa kavu na baridi, lundo linataka maji. Ikinuka, limekosa hewa, lipindue. Siku fimbo ile ilipomwunguza Bi Tabu kiganja, alipiga kelele ya furaha mpaka mbuzi wakakimbia. Bustani ile ya Dabaso iko hadi leo.

Sasa nije Adu, kwa sababu hiyo ndiyo nimekaa kitako kuiandika, na mengine yote nilikuwa nazungukazunguka.

Adu iko ndani, Magarini, kavu kuliko huku ufuoni. Mvua ikija huja kwa hasira, na ikichelewa haiombi radhi. Huko nilimpata Mzee Karisa, Mgiriama, mkewe amekwisha kufariki, mwanawe anafanya kazi Mombasa. Shamba alililima yeye na mke wa mwanawe, Sidi. Sidi alikuwa mwanafunzi wa aina ambayo mwalimu huipata mara moja au mbili maishani. Ukimwonyesha jambo leo, kesho anakuuliza swali ambalo hukulijua. Kwa misimu miwili walijenga mboji ndani ya mashimo ili jua lisiikaushe, wakachimba makinga maji, wakapanda kunde katikati ya mahindi. Udongo ulianza kuwa mweusi. Kisha Mzee Karisa akaniuliza mwenyewe kuhusu pembe, kama Nzioka alivyotabiri.

Tulifukia pembe kumi na mbili katika kona ya shamba lake, mahali pasipotuama maji. Tulikuwa watatu tu: mimi, Sidi na mzee. Niliweka vigingi vya mti kuonyesha pahali, nikapanda pikipiki nikaenda zangu. Nilikuwa na haraka, nina mkutano mwingine. Nzioka alikuwa amenifundisha wazi, tena si mara moja, kwamba huzifukii pembe katika shamba la mtu ila majirani wote wakiwa wanaona. Nililijua hilo. Nililipuuza kwa sababu ya mkutano ambao leo sikumbuki hata ulikuwa wa nini.

Nanyi mnaotoka mbali nawaeleza kwa nini jambo hilo ni kubwa. Mzee Karisa alikuwa na mvi nyeupe pe, na macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kuchoma makaa. Kwingine hizo ni dalili za uzee. Kwetu huku, mzee mwenye mvi na macho mekundu anaweza kuitwa mutsai, yaani mchawi, na kwa neno hilo moja wazee wamefukuzwa makwao, wengine wameuawa. Mara nyingi ukichimba chini ya neno lenyewe unakuta mpaka wa shamba. Na pembe, kwa watu wengi, ni chombo cha mganga.

Msimu ule mvua ilikatika mapema. Mahindi ya Adu yalikauka yakiwa yamefika kimo cha kifua. Ya Mzee Karisa yalisimama. Hayakuwa mazuri sana, lakini yalikuwa ya kijani, na jirani yake wa karibu aliyaona kila asubuhi. Jirani huyo alikuwa Katana, mtoto wa marehemu ndugu yake Karisa, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akidai kipande cha shamba lile. Kisha binti mdogo wa Katana akashikwa na homa na degedege. Katika wiki hiyohiyo mbuzi wa Katana walipekuapekua pale penye vigingi vyangu, yeye akawafuata, akaona ncha ya pembe.

Sidi alinipigia simu asubuhi. Alikuwa ananong'ona. "Mwalimu, njoo. Wamezifukua pembe. Wamempeleka baba kwa naibu wa chifu, na wengine wanasema asifike huko, amalizwe njiani. Njoo, Mwalimu."

Nzioka alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao Machakos. Nikampigia, nikamwambia yote kwa pumzi moja.

"Nani alizifukia?" akauliza.

"Mimi."

"Basi waambie hilo kwanza. Wasipolisikia hilo hawatasikia jingine lolote."

Nilifika karibu saa tano. Uwanja wa ofisi ulikuwa umejaa. Mzee Karisa alikuwa amekaa chini ukutani, shati limeraruka bega, mikono juu ya magoti, anatazama vidole vyake. Sidi alikuwa amesimama mbele yake kama mlango. Pembe zangu zilikuwa zimepangwa mchangani, na watu wameziachia nafasi kubwa kama vile zitauma. Naibu wa chifu alikuwa bwana mpole aliyeshika kalamu yake kama aliyeshika nyoka. Katana alikuwa akisema, "Hatutaki maneno mengi. Apelekwe kwa mganga akale kiraho. Kama ni safi, kiapo kitamwacha."

Sote tulijua kwamba mzee wa umri ule akipelekwa kula kiraho, hata akirudi, harudi kwake.

Nilipita katikati ya watu. Sikuwa na ushujaa. Nilikuwa na aibu, na aibu ikizidi hukusukuma kama ushujaa.

"Pembe hizi ni zangu," nikasema. "Nimezifukia mimi kwa mikono yangu. Mzee huyu alinipa pahali tu."

Kisha sauti ikatoka nyuma. "Wewe Mswahili wa Takaungu umetoka kote huko kuja kututilia uchawi?"

"Nimetoka kote huko kuja kufukia samadi," nikasema. "Na kosa langu ni kwamba sikuwaita mkaona. Hilo ni kosa langu peke yangu, naomba radhi kwenu na kwa mzee."

"Mwanangu anakufa," Katana akasema. Sauti yake ilikatika, na pale niliona kwamba chini ya ile tamaa ya shamba palikuwa na baba aliyeogopa kweli.

"Yuko wapi mtoto?"

Wakasema yuko nyumbani na mamake, Dama, wanamngoja mganga. Nilimgeukia naibu wa chifu. "Bwana, pikipiki iliyonileta iko pale. Uchawi wangu hauna haraka, nitakaa hapa hapa mnilinde. Mtoto apelekwe zahanati sasa hivi."

Katana alinitazama kama mtu asiyejua anaombwa au anatukanwa. Mwanamke mmoja mzee, Kadzo, mkunga wa jadi aliyewazalisha nusu ya watu waliokuwa pale, akamwambia kwa ukali, "Nenda, Katana! Mchawi hakimbii, si amekwambia?" Akaenda.

Ndipo nikaomba ndoo ya maji. Niliokota pembe moja, nikaigonga juu ya jiwe, kile cheusi kikaanguka kiganjani mwangu. Nikakinusa mbele yao. Nikakitia majini. Nikakaa chini katikati ya uwanja, nikaanza kukoroga, na kila ninachofanya nakisema. Hii ni samadi ya ng'ombe wa Mzee Karisa, yule mwekundu mnayemjua. Sasa nageuza. Hakuna ninachosoma. Sasa nageuza tena.

Saa nzima, vijana. Jua la Adu saa sita. Dakika kumi za kwanza watu walisimama mbali. Dakika ishirini wakaanza kukaa. Jamaa mmoja akauliza kama mtu anaweza kutumia mashine. Mwingine akataka kujua kwa nini isiwe pembe ya mbuzi. Baada ya nusu saa kina mama wawili walikuwa wanabishana kuhusu bei ya kunde. Tangu siku ile nimeamini kwamba hofu haiwezi kukaa saa nzima ikimtazama mwanamke anayekoroga ndoo na kutokwa jasho. Uchawi gani unaochosha namna ile?

Kadzo alikuja akachutama kando yangu. Aliokota pembe nyingine kwa vidole viwili, akanusa. Uwanja mzima ulimwangalia.

"Ni udongo wa msituni," akasema. Akanusa tena. "Karisa, na wewe mzee mjinga, kwa nini hukusema?"

"Nani angenisikia?" Mzee Karisa akajibu. Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomsikia akisema siku ile.

Maji yale yalinyunyizwa jioni shambani kwa Kadzo, kwa amri yake mwenyewe, watu kadhaa wakifuata nyuma. Na habari ikaja kutoka zahanati: ni malaria, imepanda kichwani, wamempa dawa, amefungua macho.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Usiku huo mtu asiyejulikana aliyafyeka mahindi yote ya Mzee Karisa, mistari yote, ya kijani. Mzee alikwenda kukaa kwa binti yake kwa muda wa mwezi na zaidi. Nilimfuata huko kumwomba msamaha, na nilipofungua kinywa machozi yakanitangulia.

"Usilie, Mwalimu," akasema. "Mahindi yataota. Lakini siku nyingine waite."

"Nitawaita, mzee."

"Waite wote. Hata wanaonichukia. Hao ndio uwaite kwanza."

Katika kazi hii yote, hakuna agizo nililolitii kuliko hilo. Aliporudi kwake, pembe zilizofuata zilifukiwa mchana kweupe, naibu wa chifu yupo, mchungaji yupo, imamu yupo, kila mmoja ametia samadi kwa mkono wake ndani ya pembe moja ili asije akasema hakujua mna nini. Sidi alipika kunde na ugali. Ninyi mnaiita siku ya pembe na mnafikiri ilianzishwa ili watu wafurahi. Ilianzishwa ili mzee asiuawe. Furaha ilikuja baadaye yenyewe. Msije mkaiacha kwa sababu ya mkutano.

Wa kwanza kutoka nyumba ya Katana kuja kujifunza alikuwa Dama, mkewe. Alikuja na binti yake mgongoni, akakaa nyuma kabisa. Msimu uliofuata alikuwa na shimo la mboji. Katana alichelewa misimu kadhaa. Siku aliyokuja alisimama penye ua, mikono mfukoni, kama mtu aliyepotea njia. Mzee Karisa alikuwa anakoroga, na mzee alikwisha kuchoka sana siku hizo, kijiti kinamteleza. Katana alitazama, akatazama, kisha akaingia akachutama.

"Baba, lete," akasema. "Umechoka."

Ndugu wa babako ni babako, kila Mgiriama anajua hivyo. Lakini Katana hakuwa amemwita mzee yule baba tangu ugomvi wa shamba ulipoanza. Mzee Karisa alimpa kijiti bila kumtazama. "Geuza likishafanya shimo," akamwambia. "Si kabla." Hakuna aliyeomba msamaha, na hakuna aliyeutaja. Mimi na Sidi tulijifanya tunahesabu miche.

Katika miaka iliyofuata Sidi aliacha kuwa mwanafunzi wangu. Sikumbuki ni lini hasa. Nakumbuka tu kwamba wageni wakitoka Kaloleni au Lamu kuja kujifunza nilikuwa nawapeleka kwake, nikaanza kukaa nyuma, na siku moja alinisahihisha mbele ya watu kuhusu muda wa kulipindua lundo. Alikuwa na haki. Nilirudi Kilifi nimefurahi njia nzima.

Mimi si mtu wa kusema udongo umenifunza hili na lile. Kama nyota zina mkono katika mahindi au hazina, sikupata kuthibitisha, nami nimezitazama sana. Najua mashamba yaliyokuwa jivu na sasa ukishika udongo wake unashikana. Najua akina mama wanaouza mboga Watamu ambao hawajaingia duka la dawa miaka mingi. Hayo naona fahari nayo, na sitaona haya kusema hivyo. Nilifanya kazi nzuri.

Mwaka wangu wa mwisho kazini simu ya Sidi ilikuja tena asubuhi. Nilipoliona jina lake saa ile, moyo ulinipasuka, kwa sababu mwili haukusahau.

"Mwalimu," akasema, "baba amefariki."

"Inna lillahi. Sidi, amepatwa na nini? Nani alikuwapo?"

"Tulikuwapo sote. Amekula uji, akasema amechoka, akarudi kitandani. Katana alikwenda kumwangalia akakuta amekwenda."

"Hakupatwa na lolote?"

"Hapana, Mwalimu. Ni uzee tu."

Nilikata simu nikakaa pale kitini. Mzee wa Adu, mwenye mvi na macho mekundu, mwenye shamba zuri kuliko majirani zake, amekufa kwa uzee tu, kitandani mwake, nyumbani kwake. Nililia kidogo. Kisha nikafunga ofisi nikaenda kuzika, na nilipofika nilimkuta Katana ndani ya kaburi, jembe mkononi, anakataa kupokewa zamu ya kuchimba.